Shule za kata: Nani atawafundisha Hisabati watoto wa 2028?

JANUARI 2025, Baraza la Mitihani la Tanzania (Necta) lilipotangaza matokeo ya mtihani wa kidato cha nne uliofanyika Novemba 2024, vichwa vya habari vilibeba tarakimu moja: asilimia 92.37. Hicho ndicho kilikuwa kiwango cha ufaulu wa watahiniwa wa shule. Kwa taifa ambalo mwaka 2013 lilipigwa na butwaa baada ya watoto sita kati ya kumi kupata daraja sifuri, ilikuwa habari ya kufurahisha.

Katika matokeo hayohayo ilikuwamo tarakimu nyingine ambayo haikupata nafasi kubwa magazetini. Ufaulu wa somo la Hisabati ulikuwa asilimia 25.35.

Msomaji makini atajiuliza: inawezekanaje watoto zaidi ya 92 kati ya 100 wafaulu mtihani, na wakati huohuo takribani 75 kati ya 100 waanguke katika somo ambalo ni la lazima kwa wote? Jibu limo katika maana ya neno "kufaulu", na maana hiyo inawagusa zaidi watoto wa shule za sekondari za kata, shule ambazo mtoto wa mama ntilie, wa mkulima wa jembe la mkono na wa mlinzi wa usiku ndizo pekee anazozimudu.

Tuifanye hesabu yenyewe, maana si ngumu. Daraja la mtahiniwa hupatikana kwa kujumlisha pointi za masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Alama A ni pointi moja, B mbili, C tatu, D nne, na F tano. Mwenye pointi 7 hadi 17 hupata daraja la kwanza, 18 hadi 21 la pili, 22 hadi 25 la tatu, na 26 hadi 33 la nne. Mwenye 34 au 35 ndiye aliyepata sifuri.

Sasa mchukue mtoto aliyepata D katika Kiswahili na D katika Uraia, kisha akapata F katika Hisabati, Fizikia, Kemia, Kiingereza, Jiografia na yote yaliyobaki. D mbili ni pointi nane, F tano ni pointi 25. Jumla ni 33. Huyo ana daraja la nne. Huyo amefaulu. Yumo ndani ya ile asilimia 92.

D yenyewe huanzia alama 30 kati ya 100.

Katika matokeo hayo ya 2024, waliofaulu walikuwa zaidi ya 477,000. Kati yao, waliopata daraja la kwanza hadi la tatu walikuwa takribani 222,000. Maana yake ni kwamba zaidi ya watoto 255,000, yaani zaidi ya nusu ya wote waliohesabiwa kuwa wamefaulu, walikuwa katika daraja la nne.

Si wote waliofika pale kwa D mbili, na ni haki kulisema hilo. Wapo wenye pointi 26 au 27 ambao wamekosa daraja la tatu kwa kitambo kidogo. Lakini yule wa D mbili anapokwenda kuomba nafasi katika chuo cha ngazi ya cheti, anakuta kwamba kwa kawaida sharti la kujiunga ni angalau D nne, masomo ya dini hayahesabiwi. Kidato cha tano kinataka C tatu. Yanabaki mafunzo ya ufundi stadi, ambako fani nyingi hupokea hata waliomaliza darasa la saba. Miaka minne ya sekondari, sare, madaftari, nauli na saa za mzazi zimemrudisha alipokuwa.

Mzazi wake ameambiwa amefaulu. Sherehe ndogo imefanyika, jirani wamekuja. Miezi minne baadaye ndipo anapoanza kuelewa kwamba cheti kile hakifungui mlango alioutarajia.

Ili kuelewa tulifikaje hapa, inabidi kurudi nyuma takribani miaka ishirini.

Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukajaza madarasa. Watoto hao walipoanza kumaliza darasa la saba, taifa likajikuta na maelfu ya waliofaulu na pasipo pa kuwapeleka. Serikali ya awamu ya nne ilipoingia madarakani, Waziri Mkuu wa wakati huo, hayati Edward Lowassa, alisimamia kwa mkono wa chuma agizo la kila kata kuwa na shule ya sekondari. Wananchi walichangishwa fedha, mchanga, mawe na nguvu kazi. Watendaji wa kata waliokuwa wazito walikiona cha moto.

Matokeo ya kazi ile yalikuwa makubwa, na asiyeyakiri hatendi haki. Mwaka 2005 nchi ilikuwa na shule za sekondari 1,745. Mwaka 2010 zilikuwa 4,266. Wanafunzi waliongezeka kutoka takribani 524,000 hadi zaidi ya milioni 1.6 katika miaka hiyo mitano. Hakuna kipindi kingine katika historia ya nchi hii ambapo mlango wa sekondari ulifunguliwa kwa kasi ya namna ile. Binti wa kijijini ambaye angeolewa akiwa na miaka kumi na minne alipata sababu ya kubaki nyumbani na kuvaa sare. Wapo leo madaktari, wahandisi na maofisa waliopita katika shule hizo. Wanaozidharau kwa jumla jumla mara nyingi ni wale ambao watoto wao hawakuwahi kuzihitaji.

Ila matofali hupatikana kwa wiki, na mwalimu huchukua miaka. Serikali ilipoona madarasa yamesimama na hayana wa kufundisha, iliwachukua vijana waliomaliza kidato cha sita, ikawapa mafunzo ya takribani mwezi mmoja, ikawapeleka shuleni. Mtaani waliitwa walimu wa "voda fasta", kwa jina lililotokana na huduma ya kuongeza salio la simu haraka. Vijana wale hawakuwa na kosa. Wengi walikwenda mahali ambako mkuu wa shule alikuwa peke yake, wakafundisha masomo manne au matano kwa wakati mmoja.

Wanafunzi wa wimbi lile la kwanza kubwa waliingia kidato cha kwanza mwaka 2007. Walifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2010. Ufaulu, ambao mwaka 2009 ulikuwa asilimia 72.5, ulishuka hadi asilimia 50.4 kwa mkupuo mmoja.

Wapo waliosema sababu ilikuwa kuondolewa kwa sharti la kufaulu mtihani wa kidato cha pili kabla ya kwenda cha tatu, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini sharti lile lingekuwepo, lingewazuia watoto wasiojua, lisingewafundisha.

Ndipo ukaja mtihani wa 2012. Februari 2013, Waziri wa Elimu wa wakati huo, Dk Shukuru Kawambwa, alitangaza matokeo ambayo ndani yake watahiniwa 240,903 walikuwa na daraja sifuri. Waziri Mkuu Mizengo Pinda aliunda tume iliyoongozwa na Profesa Sifuni Mchome. Mei mwaka huo serikali ikatangaza bungeni kuyafuta matokeo yale na kuyapanga upya. Yalipotoka mara ya pili, ufaulu ulikuwa umepanda hadi asilimia 43.08. Hakuna mtoto aliyekuwa amerudi darasani hata siku moja.

Baada ya hapo tuliingia katika msimu wa kubadili vipimo. Oktoba 2013 viwango vya alama vilipangwa upya. Mwaka 2014 madaraja yakaachwa, ukaja mfumo wa wastani wa pointi. Mwanzoni mwa 2016, Waziri Profesa Joyce Ndalichako akaamuru madaraja yarejeshwe. Mwalimu wa kata aliyekuwa akifundisha miaka hiyo alilazimika kuwaeleza wazazi mara tatu, kwa maneno matatu tofauti, kwamba mtoto wao hakujua kukokotoa asilimia.

Kwa hiyo swali halipaswi kuwa tu kwa nini watoto wa shule za kata wanafeli. Ni kwa nini Hisabati imegoma kupanda hata pale ambapo kila kitu kingine kimepanda. Mwaka 2023 ufaulu wa somo hilo ulikuwa asilimia 25.42, na mwaka uliofuata 25.35. Hili ndilo somo ambalo mtoto hawezi kulibahatisha kwa kukariri usiku wa kuamkia mtihani.

Sababu ya kwanza ni mwalimu. Kijana mwenye A ya Hisabati katika kidato cha sita ana milango mingi: uhandisi, uhasibu, benki, kompyuta. Anayeamua kuwa mwalimu, na akapangwa shule ya kata isiyo na nyumba ya mwalimu wala maji, hutafuta uhamisho tangu wiki ya kwanza. Shule inabaki na mwalimu mmoja wa Hisabati kwa vidato vinne, au haina kabisa.

Serikali iliwahi kujaribu kulitibu hilo. Chuo Kikuu cha Dodoma kilipokea vijana waliomaliza kidato cha nne kusomea stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na teknolojia ya habari. Mwishoni mwa Mei 2016, wakati wahadhiri wao wakiwa wamegoma kufundisha programu hiyo, vijana zaidi ya 7,000 waliamriwa kuondoka chuoni. Rais John Magufuli aliwaita vilaza, akisema hawakuwa na sifa za kuwa chuo kikuu. Wale wenye ufaulu mzuri zaidi walipangiwa vyuo vya ualimu. Wengine walikwenda na maji. Iwapo sifa zao zilitosha au la, huo ni mjadala unaoweza kuendelea. Lakini pengo la walimu lililowafanya waitwe halikuondoka pamoja nao.

Maabara nazo zina hadithi yake. Rais Jakaya Kikwete aliagiza mwaka 2012 kila shule ya sekondari ya kata iwe na maabara tatu, agizo lililosogezwa mbele hadi 2015. Majengo yalipanda. Mengine yalibaki maboma miaka kadhaa, mengine yaligeuzwa madarasa ya kawaida. Jengo la maabara lisilo na mwalimu wa Kemia ni chumba chenye masinki.

Sababu ya pili ni lugha, na hapa wengi wetu mijini tunajifanya hatuoni. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali hujifunza Hisabati kwa Kiswahili kwa miaka saba. Anajua "kipenyo", "kizio", "sehemu", "wastani". Siku anapoingia kidato cha kwanza maneno hayo yote hufutwa, na analetewa Kiingereza ambacho amekisoma kama somo tu, tena mara nyingi kwa mwalimu ambaye mwenyewe hakizungumzi kwa raha. Hupewa majuma machache ya kozi ya kuzoea lugha, kisha mtaala unaanza kukimbia.

Mwenzake aliyetoka shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza hana daraja hilo la kuvuka. Wote wawili hufanya mtihani mmoja na kusahihishwa kwa mwongozo mmoja. Tofauti yao haikuanzia kwenye akili. Ilianzia kwenye risiti ya ada ya darasa la kwanza.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyozinduliwa Februari 2015, ilikifungulia Kiswahili mlango wa kutumika katika ngazi zote. Hakikuingia. Toleo la mwaka 2023 la sera hiyo limekiacha Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia sekondari. Uamuzi ni wa serikali na una watetezi wake, wakiwamo wazazi wengi maskini wanaoamini kwamba Kiingereza ndicho ngazi ya kupandia. Hawakosei kukitaka. Lakini kukitaka Kiingereza na kufundishwa Hisabati kwa Kiingereza usichokielewa ni mambo mawili.

Sababu ya tatu huanzia jikoni. Mtoto wa shule ya kutwa anayeondoka nyumbani alfajiri bila kifungua kinywa, akatembea kilomita kadhaa, na kukaa hadi saa tisa alasiri bila chakula, hawezi kufuata hatua za kutafuta mzizi wa hesabu kipindi cha saba. Waraka wa elimu namba 5 wa mwaka 2015 ulifuta ada ya Sh20,000 kwa shule za kutwa kuanzia Januari 2016, na kwa familia nyingi huo ulikuwa ukombozi wa kweli. Januari 2018 Rais Magufuli akapiga marufuku wanafunzi kudaiwa michango yoyote shuleni. Nia ilikuwa kumlinda mtoto asirudishwe nyumbani. Lakini katika michango ile ilikuwamo ya uji na makande, na ya kumlipa posho mwalimu wa kujitolea wa Hisabati. Wakuu wa shule, kwa kuogopa kibarua kuota nyasi, walikuwa na kila sababu ya kuifuta yote.

Kwa wakazi wa Dar es Salaam sura ya tatizo hili wanaiona kila asubuhi kituoni. Nauli ya mwanafunzi ni ndogo, na kwa sababu ni ndogo, konda humwona mwanafunzi kama hasara iliyovaa sare. Hupandishwa wawili watatu, wengine husukumwa. Mtoto aliyepangwa shule iliyo nje ya mji, wakati nyumbani ni katikati ya mji, anaweza kufika kipindi cha pili kikiwa kinaisha. Hisabati mara nyingi hupangwa vipindi vya asubuhi, kwa kuwa ndipo akili inapokuwa safi. Ni mpangilio mzuri kwa wale waliokwisha kufika.

Jambo jingine ni mchujo. Matokeo ya darasa la saba yakitoka, wenye alama za juu kabisa hupelekwa Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala, Msalato na shule mbili za Tabora. Wengine huchukuliwa na shule za ufundi na za bweni. Wazazi wenye uwezo huwaondoa wa kwao kwenda shule binafsi. Wanaobaki ndio shule ya kata. Kisha mwisho wa mwaka tunachukua matokeo, tunayaweka kwenye jedwali moja, na kuwauliza walimu wa kata kwa nini wao ni wa mwisho. Necta iliacha kutangaza shule bora kuanzia matokeo yaliyotoka Januari 2023, na katika hilo safu hii inaiunga mkono.

Haya yote yangeweza kuchukuliwa kuwa malalamiko ya siku zote, kama si tarehe moja inayokuja.

Chini ya sera mpya, elimu ya msingi inakuwa ya miaka sita badala ya saba, na elimu ya lazima inakuwa ya miaka kumi, hadi kidato cha nne. Mpango uliotangazwa ni kwamba mwaka 2027 watoto wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 wataingia kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Ni mikupuo miwili katika mlango mmoja. Na kwa kuwa sekondari itakuwa ya lazima, ule mchujo uliokuwa ukiwapunguza hautakuwepo.

Kuhusu madarasa, historia inaonyesha tunaweza. Mwaka 2021, kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa kwa ajili ya athari za Uviko-19, yalijengwa madarasa 15,000, yakiwamo 12,000 ya sekondari, ndani ya miezi michache. Wakuu wa mikoa walilala kwenye maeneo ya ujenzi. Mwaka 2027 watalala tena, na tutapigiwa picha za utepe ukikatwa.

Mwalimu wa Hisabati atakayesimama mbele ya watoto hao Januari 2028 hajengwi kwa miezi michache. Shahada ya ualimu ni miaka mitatu, kwa hiyo huyo anapaswa kuwa tayari chuoni. Iwapo hayupo, basi lazima atoke katika kundi la wahitimu wa ualimu walio mtaani wakisubiri ajira, na kundi hilo lina walimu wengi wa masomo ya sanaa kuliko wa sayansi na hisabati. Posho ya mazingira magumu, nyumba ya mwalimu, mkopo unaosamehewa kwa anayekubali kufundisha Hisabati shule ya kata kwa miaka mitano: hizi si fikra mpya, na zote ni rahisi kuliko kuwa na watoto mia moja katika chumba kimoja na mwalimu wa historia akisoma kitabu cha aljebra kwa sauti.

Jingine halihitaji fedha kabisa. Necta na Tamisemi zingeweza kutangaza, pamoja na asilimia ya ufaulu, idadi ya waliopata D nne au zaidi, kwa kila halmashauri. Mzazi angejua mara moja kama cheti cha mwanawe kinampeleka chuoni au kinamrudisha nyumbani, na mbunge angekuwa na swali la kuuliza. Asilimia 92 haimpi swali lolote.

Kundi litakaloingia Januari 2028 litakuwa na miaka minne. Litafanya mtihani wa kidato cha nne Novemba 2031.